Beki Kijana wa Kagera Anagharimu Shilingi Ngapi?

Katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, Taifa Stars ilicheza mechi 5, ikafunga mabao 5 na kufungwa 2. Kati ya mabao hayo 5, mawili yalitoka kwa mabeki. Mohamed Hussein ‘Tshabalala’, beki wa kushoto, alifunga la pili dhidi ya Burkina Faso siku ya ufunguzi. Mechi iliyofuata, Shomari Kapombe, beki wa kulia, akafunga bao pekee dhidi ya Mauritania dakika ya 89. Kapombe alikuwa na miaka 33, na Tshabalala alikuwa anaikaribia 29.

Watu wa Bukoba wana sababu ya ziada ya kulitazama jina la Tshabalala. Kabla Simba haijamchukua mwaka 2014, alikuwa mchezaji wa Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha Misenyi inayotumia Uwanja wa Kaitaba, na alikuwa hajatimiza miaka 18. Simba ilikaa naye misimu 11, hadi alipohamia Yanga mwaka 2025. Straika wa kigeni akidumu misimu 3 Msimbazi tunasema ameota mizizi. Beki aliyetoka Kaitaba akiwa kijana alidumu karibu mara nne ya hapo.

Sasa yuko wapi wa pili wake? Huenda ana miaka 14 na leo jioni yuko Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba, anacheza chandimu pekupeku nyuma ya kanisa. Maswali ya maana kumhusu ni ya fedha: kumlea kunagharimu kiasi gani, nani analipa, na siku akiuzwa nani anavuna? Nitayajibu kwa tarakimu. Baadhi yake ni za kumbukumbu rasmi, nyingine ni makadirio yangu, na kila ninapokadiria nitasema.

Tuanze na ukubwa wa mlango wenyewe. Ligi Kuu ina timu 16. Tukichukulia kila kikosi kina mabeki 8, nchi nzima ina viti 128 vya mabeki. Sensa ya 2022 iliihesabia Kagera watu 2,989,299 kati ya Watanzania 61,741,120, yaani asilimia 4.8. Viti vingegawanywa kwa idadi ya vichwa, Kagera ingestahili mabeki 6. Hapo bado hatujawatoa wageni, ambao kila klabu inaruhusiwa kusajili hadi 12, na klabu kubwa hazioni haya kununua beki wa kati kutoka Kongo au Afrika Magharibi.

Muleba peke yake ina zaidi ya watu laki 6. Ukijumlisha na Manispaa ya Bukoba na Bukoba Vijijini unapata kama milioni 1.1, zaidi kidogo ya theluthi ya mkoa. Kwa hiyo mgawo wetu wa haki katika vile viti 6 ni viti 2. Wavulana wa miaka 12 hadi 17 katika eneo hilo, kwa makadirio yangu, hawapungui 70,000. Na beki akishakaa kwenye kiti hainuki upesi. Tukisema anakikalia miaka 8 kwa wastani, viti 2 vinaachia nafasi moja mpya kila baada ya miaka 4. Watoto 70,000 wanaisubiri.

Mzazi akiisoma hesabu hiyo vibaya atamwambia mwanawe aache mpira ashike daftari. Akiisoma vizuri atamwambia ashike vyote viwili, na mkoa huu unaotaniwa nchi nzima kwa unshomile, yaani kujivunia usomi, hauna kisingizio cha kumnyima daftari mtoto mwenye kipaji cha mguu.

Kuna mchezo mmoja duniani ambao watu wake wamezoea kumhesabu beki kijana kwa subira kuliko sisi, nao ni hoki ya barafu. Sisi hatuna barafu. Afrika Mashariki ina ukumbi mdogo wa Hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo Kenya Ice Lions walipojifunzia hadi Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024. Lakini namna wanavyohesabu inafaa kuazimwa. Ligi ya NHL ya Marekani na Canada ina timu 32, na kila timu hupanga mabeki 6 kwa mechi, yaani viti 192. Kila mwaka timu hizo huchagua vijana 224, wengi wao wakiwa na miaka 18 tu, na karibu wote hurudishwa kwanza kwenda kukomaa. Makocha wa kule wana kauli yao kwamba mshambuliaji utamjua mapema, ila beki mpe mechi 200 hadi 300 kabla ya kumhukumu. Kima cha chini cha mshahara wa NHL msimu wa 2025/26 kilikuwa dola 775,000. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni karibu bilioni 1.9, na timu inayolipa hivyo bado inakubali kusubiri.

Tuhamishie kauli hiyo Kaitaba. Kwa msimu wa mechi 82, kama ule wa NHL wa 2025/26, mechi 300 zinakwisha ndani ya misimu 4. Ligi Kuu yetu ina mechi 30, na mechi 300 ni misimu 10. Kijana aliyeanza na miaka 18 atazimaliza ana 28. Ukihesabu dakika badala ya mechi, picha inabadilika: beki wa hoki hukaa uwanjani kama dakika 20 kati ya 60, hivyo mechi zake 300 ni dakika 6,000, sawa na mechi 67 za dakika 90. Hiyo ni misimu 2 na robo tu. Ukweli uko katikati. Mimi ningesema mechi 100 za ushindani, misimu mitatu na theluthi bila kukaa benchi, ndicho kipimo cha chini kabla mtu hajasema beki huyu anafaa au hafai. Sisi tunamhukumu kwa mechi 5. Akifanya kosa moja mbele ya Simba au Yanga, basi, anahamishiwa jukwaani hadi dirisha dogo.

Hoki ina habari nyingine inayotuhusu zaidi. Mwaka 1980 alizaliwa Moshi mtoto aitwaye Chris Nielsen, ambaye baadaye alicheza mechi 52 za NHL akiwa na Columbus Blue Jackets. Hakuwa beki, alikuwa mshambuliaji, na mchezo alijifunzia Canada. Kilimanjaro ilimzaa, Canada ikamfunza. Katika biashara ya wachezaji, anayezaa hadai kitu. Anayedai ni aliyefunza, tena awe na karatasi ya kuonyesha kwamba alifunza. Soka nayo inaendeshwa hivyo hivyo.

Kabla ya karatasi, tuone kufunza kunakula nini. Bei zifuatazo ni makadirio yangu ya mtoto mmoja wa Muleba kwa mwaka, na kila msomaji anaweza kuzirekebisha kwa bei za gulio la kwake. Njumu za mitumba pea 2 kwa shilingi 40,000 kila moja, jumla 80,000. Soksi, vikinga ugoko, bukta na jezi ya mazoezi, 30,000. Kutoka Muleba hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 60, na tukimpa safari 20 kwa mwaka za mechi na majaribio, kila safari 10,000 kwenda na kurudi, nauli ni 200,000. Mtoto wa kisiwa cha Bumbire au Ikuza aongeze mtumbwi kabla hajaiona hiyo Hiace. Chakula cha kumjenga mwili, yaani mayai, maziwa na dagaa wa ziwani, tuweke 1,000 kwa siku kwa siku 300, jumla 300,000. Ndizi za kibanjani sihesabu, hizo zipo. Matibabu madogo na usajili, 50,000.

Jumla ni 660,000 kwa mwaka, au 55,000 kwa mwezi. Kwa miaka 6, kuanzia 12 hadi 17, ni 3,960,000. Ada haimo, kwa sababu shule za serikali ziliondoa ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tazama ni wapi fedha inakwenda: karibu nusu ni protini. Watu wakisikia gharama za mpira wanafikiria viatu, kumbe njumu zote za mwaka hazifikii hata theluthi ya bajeti ya mayai na dagaa. Beki wa kati asiyekula vizuri kati ya miaka 13 na 16 hatafidiwa urefu wala mifupa na kocha yeyote baadaye.

Lakini beki halelewi peke yake. Anahitaji watu wa kumpasia na watu wa kumsumbua. Timu ya watoto 25 kwa kiwango hicho inakula 16,500,000 kwa mwaka. Makocha 2 kwa shilingi 400,000 kwa mwezi kila mmoja ni 9,600,000. Mipira 12 kwa 50,000 ni 600,000. Safari 10 za mechi za ugenini kwa 250,000 ni 2,500,000. Tuweke 800,000 kwa chokaa, nyavu, barafu ya kukandia na dharura. Jumla inafika milioni 30 kamili. Kwa miaka 6 ni milioni 180.

Hiyo ndiyo bei halisi ya beki. Akitoka kijana mmoja wa kiwango cha Ligi Kuu katika kundi la watoto 25, amegharimu milioni 180. Wakitoka wawili, kila mmoja ni milioni 90. Asipotoka yeyote, jambo linalowezekana kabisa, mmelea vijana 25 wenye afya na fedha imekwenda.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye daftari lolote, nayo ni mvua. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Uwanja wa udongo Kagera una miezi ya tope isiyo mchezo. Beki anayekua kwenye tope anajifunza jambo moja vizuri sana, kubutua. Mpira haulali, pasi haifiki, basi unaupiga mbele na kumshukuru Mungu. Soko la leo linamtaka beki anayeanzisha mashambulizi kwa pasi ya chini. Ndiyo maana nyasi bandia za Kaitaba, zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, zina thamani kwa mabeki kuliko kwa mawinga: hapo mpira unakwenda ulikotumwa. Saa mbili kwa wiki kwenye nyasi hizo kwa watoto wa Muleba zingefaa kuliko jezi mpya. (Isipokuwa Novemba. Senene wakishashuka, hata kocha mkali hapati mahudhurio.)

Sasa tuje kwenye mavuno. FIFA ina njia mbili za kumrudishia mlezi fedha. Ya kwanza ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomfunza kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Mbwana Samatta alipohama Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada iliripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Kwa ada hiyo, mwaka mmoja wa malezi akiwa na miaka 13 una thamani ya pauni 21,250, na mwaka wa 17 ni pauni 42,500. Mwaka mmoja tu!

Tuchukue beki wetu wa mfano, asiye na makuu, aliyefunzwa Muleba kuanzia 12 hadi 17, kisha akapitia klabu za hapa nchini na kuuzwa Ulaya akiwa na 22 kwa euro milioni 3. Miaka 4 ya kwanza inampa mlezi asilimia 1, miaka 2 inayofuata inampa asilimia 1 nyingine. Asilimia 2 ya milioni 3 ni euro 60,000. Kwa makadirio ya shilingi 2,900 kwa euro, hizo ni milioni 174. Linganisha na ile milioni 180 ya kulea timu nzima miaka 6. Mauzo mamoja ya ukubwa wa kati yanakaribia kurudisha gharama za watoto wote 25.

Njia ya pili ni fidia ya mafunzo, na hii ina mtego. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu inayomchukua inawalipa wote waliomfunza tangu miaka 12. FIFA inapanga klabu za Ulaya katika madaraja manne, na gharama ya mafunzo kwa mwaka huanzia euro 10,000 za daraja la nne hadi 90,000 za daraja la kwanza. Klabu ya daraja la pili ina kiwango cha 60,000, ila miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kile kiwango cha chini cha 10,000. Kwa mlezi wetu wa Muleba ni miaka 4 kwa 10,000 na miaka 2 kwa 60,000, jumla euro 160,000, yaani milioni 464 za Tanzania. Mtego ni huu: kijana akishasaini mkataba wa kulipwa hapa nyumbani kwanza, safari yake ya baadaye kwenda nje inamlipa fidia hiyo mlezi wake wa mwisho tu. Aliyemfunza akiwa na miaka 13 anabaki na mshikamano peke yake.

Je, basi watoto wapelekwe Ulaya moja kwa moja? Hapana. Kwanza FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache. Pili, klabu ya nje inayojua itadaiwa euro 160,000 kwa kijana asiye na mechi za wakubwa itatafuta mwingine, au itaomba walezi wasamehe deni. Na tatu, kwa beki, miaka 18 bila mechi za wakubwa ni mapema. Novatus Dismas anatajwa kama hoja ya upande wa pili: alilelewa na Azam, akaenda Israel akiwa kijana sana, akapita Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 2023/24 akiwa Shakhtar Donetsk, na mwaka 2024 akatua Göztepe ya Uturuki. Lakini Novatus ni kiraka, anacheza beki ya kushoto na kiungo, na sifa hiyo ilimpa dakika mahali ambapo beki anayecheza nafasi moja tu angekaa benchi. Kama unalea beki, mfundishe na nafasi ya pili. Haina gharama yoyote.

Njia zote mbili zinakwama mahali pamoja, napo ni kwenye usajili. Fedha hizo sasa hupitia ofisi maalumu ya malipo ya FIFA iliyoanza kazi Paris mwaka 2022, na inasoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Haiulizi kijijini nani alimnunulia njumu. Inaangalia klabu ipi ilimsajili rasmi, mwaka upi, kupitia shirikisho la nchi. Timu ya mchangani isiyo na usajili, hata kama ilimlea tangu chandimu, kwenye pasipoti hiyo haipo. Mtoto wa Muleba aliyeonekana kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, akapelekwa kituo cha vijana Dar es Salaam akiwa na 16 na kusajiliwa huko kwa mara ya kwanza, ataonekana kama mtu aliyeanza kucheza mpira akiwa na miaka 16. Ile miaka minne ya mayai na nauli inafutika.

Tena mshikamano wa FIFA haumlipi mlezi wa ndani mchezaji akiuzwa kati ya klabu za nchi hiyo hiyo. Kijana akitoka Kagera kwenda Simba au Yanga, asilimia 5 ya FIFA haiingii. Hapo kinachomlinda mlezi ni mkataba, na kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni asilimia ya mauzo ya baadaye. Tuseme klabu ya Kagera inamuuza beki wake kwa milioni 50 na kuandika kwamba akiuzwa tena itapata asilimia 15. Akiuzwa kwa zile euro milioni 3, kifungu hicho kina thamani ya euro 450,000, zaidi ya shilingi bilioni 1.3. Ni mara 26 ya bei ya kwanza, na zaidi ya mara 7 ya mshikamano wa miaka 6. Viongozi wengi hupigania milioni 50 ziwe 60. Ningekuwa mimi, ningekubali hata 40 ili kifungu kibaki.

Hapa ndipo inapoingia hali ya Kagera Sugar yenyewe. Mwishoni mwa msimu wa 2024/25 ilishuka daraja pamoja na KenGold, na msimu wa 2025/26 ikauanzia kwenye Ligi ya Championship. Kwa hazina ni pigo. Mkataba wa haki za matangazo ambao TFF na Azam Media walisaini mwaka 2021 una thamani ya bilioni 225.6 kwa miaka 10, wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Hata kama zote zingegawanywa sawa kwa timu 16, jambo ambalo si kweli, ni bilioni 1.41 kwa timu. Ukishuka, unaondoka kwenye meza hiyo, na kamera zinapungua pia. Kwa beki kamera ni nusu ya bei, maana straika ana mabao kwenye kumbukumbu, ila kazi ya beki haionekani mpaka mtu aione kwa macho.

Safari ndizo hazipungui. Bukoba ni pembeni ya nchi, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara hadi Dar es Salaam. Mechi 15 za ugenini kwa wastani wa kilomita 1,000 kwenda na 1,000 kurudi ni kilomita 30,000 kwa msimu, robo tatu ya mzunguko wa dunia, ndani ya basi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa saa za kusubiri kivuko upande wa Mwanza. Lakini kijana wa miaka 18 akishuka kwenye basi baada ya siku nzima barabarani hawezi kupimwa sawa na aliyelala kwao Chamazi, Dar es Salaam.

Hata hivyo, kwa mabeki vijana, kushuka daraja kunaweza kuwa bahati. Msimu wa mechi 30 una dakika 2,700 kwa kila nafasi uwanjani. Nafasi 4 za ulinzi zina dakika 10,800. Timu inayopigania kubaki Ligi Kuu haitampa kijana hata 500 kati ya hizo, kwa sababu kosa lake moja linaweza kushusha ajira za watu wote. Katika Championship, kocha mwenye moyo anaweza kutenga robo, dakika 2,700, akawapa vijana watatu dakika 900 kila mmoja, sawa na mechi 10. Kwa misimu miwili ni mechi 20. Bado ni mbali na zile 100, lakini ni ishirini zaidi ya alizonazo kijana wa kikosi cha akiba anayepasha misuli moto na kurudi kuketi.

Nikiulizwa nimpime vipi beki wa miaka 17 kutoka Muleba, sitaanza na idadi ya mechi ambazo timu yake haikufungwa, kwa sababu hiyo ni sifa ya timu. Ningehesabu dakika alizocheza dhidi ya waliomzidi umri. Ningemhesabia pasi 20 za kwanza akiwa anabanwa nione ngapi zimemfikia mwenzake, na mguu gani umefanya kazi. Ningetaka video ya mechi 5 nzima, hata ya simu iliyopandishwa kwenye mgomba, kwa kuwa video ya vipande vizuri inaweza kutengenezwa kwa mtu yeyote. Kisha ningeomba cheti cha kuzaliwa. Mashindano ya FIFA ya chini ya miaka 17 yalianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine mwaka 2009, na umri wa kubuni unaomfaidi kijana akiwa 15 unamnyonga akiwa 22, pale mnunuzi anapotaka kujua amebakiza misimu mingapi.

Na matarajio yawe ya kweli. Kwa makadirio yangu, katika watoto 25 waliolelewa vizuri miaka 6, watatu wanaweza kupata mkataba wa Championship, mmoja akafika Ligi Kuu, na katika makundi 10 ya namna hiyo huenda akatoka mmoja wa kuuzwa nje kwa fedha ya maana. Makundi 10 ni shilingi bilioni 1.8. Mshikamano wa milioni 174 haulipi gharama hiyo. Kifungu cha asilimia 15 chenye bilioni 1.3 kikijumlishwa na mshikamano kinakaribia bilioni 1.5, na mauzo madogo ya ndani yanaweza kuziba pengo. Maana yake akademi ya kwetu inaweza kujilipa kwa tabu sana ikiwa na karatasi zote, na bila karatasi ni sadaka.

Kwa hiyo, mwenye timu ya watoto Muleba, Kemondo au Kashai: kabla ya kutafuta mfadhili wa jezi, nenda chama cha mpira cha wilaya uulize utaratibu wa kusajili klabu yako na kila mtoto kuanzia miaka 12. Wazazi wafuatilie vyeti vya kuzaliwa RITA sasa, mtoto akiwa bado mdogo na hakuna anayekuwa na shaka na umri wake. Na kijana wako wa kwanza akipata mnunuzi, usiweke saini hadi asilimia ya mauzo ya baadaye iwe imeandikwa.